Niliyojifunza kwa Kufunga Magurudumu Kwenye Makasha ya Mimea

Kasha la kupandia likiwa tupu, mtu mmoja hulibeba begani. Likishajazwa udongo, likamwagiliwa na mimea ikashika, watu wawili wenye nguvu zao hulizunguka wakitafuta pa kulishikia na wasipaone. Hapo ndipo watu hukumbuka magurudumu. Nimeunda makasha ya aina hii kwa ajili ya baraza langu na kwa majirani na jamaa, na nimeitwa kutengeneza mengine yaliyoundwa na mafundi wengine. Kila nikipiga magoti kukagua chini ya kasha, narudi kwenye jambo lilelile: kasha la magurudumu hutembea dakika chache tu kwa mwezi. Muda wote uliobaki limesimama. Gurudumu linabeba mzigo mzito usiku na mchana, juani na kwenye maji, halafu siku moja linatakiwa liitike mara linaposukumwa. Kwa hiyo mimi huchagua gurudumu kwa kufikiria kusimama kwanza, kutembea baadaye.

Dukani watu wengi hulijaribu gurudumu kwa kulizungusha kwa kidole. Likizunguka kwa muda bila kelele, wanaridhika. Kidole hakina kilo hamsini. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu siku ambayo gurudumu litakuwa limebeba mzigo miezi mitatu bila kusogezwa.

Uzito ndio unaoamua mengine yote, na watu huukadiria chini sana. Chukua kasha ambalo kwa ndani lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 40. Hizo ni lita 160. Ukiacha sentimita 5 juu ili maji yasimwagike nje, unabaki na lita 140 za udongo. Udongo wa shambani ukilowa vizuri hufika kilo moja na nusu hadi mbili kwa kila lita, maana yake kilo 210 hadi 280. Mchanganyiko mwepesi wa mboji iliyoiva na vumbi la makumbi ya nazi, nao ukiwa umelowa, huwa karibu na kilo moja kwa lita au chini yake kidogo. Mbao za kasha la ukubwa huo, zenye unene wa sentimita mbili na nusu, ni kama kilo 20. Ongeza mimea yenyewe, matunda yake, na fito za kuishikilia. Kasha la mchanganyiko mwepesi linaishia kilo 150 hadi 170. Lile la udongo wa shambani linapita 250 na kuelekea 300.

Ndiyo maana mtu akiniomba magurudumu yenye nguvu zaidi, kwanza namuuliza amejaza nini. Udongo wa shambani ukiwekwa kwenye kasha hujishindilia, maji yanatuama, mizizi inakosa hewa. Kuuacha kunasaidia mimea na magurudumu kwa pamoja. Halafu kuna yale mawe ambayo watu huweka chini ya kasha wakiamini yanasaidia kuchuja maji. Hayasaidii. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za mawe. Hutulia pale udongo unapokutana na mawe mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo sehemu yenye unyevu mwingi inapanda juu, karibu zaidi na mizizi. Umejaza kilo nyingi za mawe ili mimea yako ikae kwenye maji. Matundu mazuri kwenye sakafu ya kasha, na kitambaa chepesi cha kuzuia udongo usitoke, vinatosha.

Ukishajua uzito, usiugawanye kwa nne. Ugawanye kwa tatu. Sakafu iliyo sawa kabisa ni adimu, na kasha la mbao nene halipindi kufuata sakafu, kwa hiyo mara nyingi gurudumu moja linaning'inia au linagusa kidogo tu huku mengine matatu yakibeba kila kitu. Kasha la kilo 170 linahitaji gurudumu linaloweza kubeba angalau kilo 60, na mimi hupanda hadi 75 au 100, kwa sababu kiwango kilichoandikwa kwenye gurudumu ni cha sakafu laini na mwendo wa taratibu. Linapogonga ukingo wa kigae, mzigo hupanda ghafla kuliko ule uliopigiwa hesabu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo makasha mengi huharibikia, nayo ni mahali gurudumu linapofungwa. Nimeona makasha mengi yaliyofungwa magurudumu moja kwa moja kwenye ubao wa chini, kwa skrubu nne fupi kila moja. Kwa wiki za mwanzo linapendeza. Lakini ubao huo ndio unaolala na udongo wenye maji. Unavimba ukilowa, unasinyaa ukikauka, na kila mara skrubu inalegea kidogo. Halafu kasha linasukumwa, gurudumu linakwama kwenye ufa, na nguvu yote ya mkono inageuka kuwa nguvu ya kuling'oa gurudumu upande mmoja. Jirani mmoja aliniita kasha lake lilipoanguka kona moja katikati ya baraza. Gurudumu lilikuwa zima kabisa, limelala pembeni na skrubu zake nne zikiwa bado zimeshikilia vipande vya mbao iliyooza.

Kwa hiyo mimi hufunga magurudumu kwenye boriti mbili zinazopita chini ya kasha kwa upana, karibu na kila mwisho, zenye unene wa sentimita tano angalau. Mbao za sakafu ya kasha zinalala juu ya boriti hizo, na kuta za kasha zinasimama juu yake pia, ili uzito ushuke moja kwa moja kutoka ukutani hadi kwenye boriti hadi kwenye gurudumu. Ubao wa sakafu haupaswi kuachiwa kazi ya kuning'iniza mzigo. Gurudumu nalitaka lenye kibamba bapa cha chuma chenye matundu manne, na nalifunga kwa bolti inayopenya boriti yote, na washa pana na nati juu yake. Kazi hii inafanywa kabla ya kupigilia sakafu, maana baadaye huwezi kuifikia nati. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa zinki. Magurudumu yenye pini moja tu ya chuma ya kuchomekwa kwenye tundu, kama ya viti vya ofisini, nayaacha kwa viti vya ofisini; kwenye mbao yenye unyevu tundu hilo hupanuka na pini hulala upande.

Kabla ya kukaza bolti, ligeuze gurudumu lote duara kamili chini ya kibamba chake. Gurudumu linalogeuka halikai chini ya kibamba chake katikati. Limesogezwa nyuma kidogo ili liweze kufuata mwendo. Likigeuka linahitaji nafasi, na kama umeteremsha mbao za pembeni ili kulificha, litagonga. Kulificha ni jambo zuri, kwa sababu jua kali hukausha mpira na plastiki mpaka vipasuke, ila acha nafasi ya kutosha mguu kufika kwenye breki.

Kusogea huko kwa gurudumu kuna athari nyingine ambayo wengi hawaioni. Yote manne yakigeukia ndani, sehemu zinazogusa sakafu zinasogea kuelekea katikati, na kasha linakuwa na msingi mwembamba kuliko linavyoonekana. Kwenye kasha pana na fupi si neno. Kwenye kasha jembamba lenye fito za mimea inayotambaa, fito zilizojaa majani na upepo ukavuma, ni hatari ya kweli, hasa palipo na watoto. Kasha la namna hiyo nalifungia boriti ndefu zinazotokeza nje ya kuta, hata kama halitapendeza sana machoni. Na nawaomba wenye nyumba walisukume kwa kuweka mikono chini, usawa wa udongo, wasishike fito.

Kuhusu ukubwa wa gurudumu sina mjadala. Gurudumu dogo la milimita 50 ni la meza. Likikutana na ukingo wa milimita 5 tu, ambao ni kitu cha kawaida kati ya vigae viwili, linahitaji kusukumwa kwa nguvu inayofika robo tatu ya uzito ulio juu yake ili lipande. Gurudumu la milimita 100 kwenye ukingo huohuo linahitaji chini ya nusu. Hiyo ni hesabu ya umbo la duara tu, na ndiyo tofauti kati ya kasha linaloondoka kwa mtu mmoja na kasha linalowafanya watu walisukume kwa mabega mpaka mmea utikisike mizizi. Mimi huanzia milimita 100, na pale kwenye kizingiti cha mlango naenda 125. Kizingiti chenyewe kikipita sentimita mbili, hakuna gurudumu la kawaida litakalokipanda kwa heshima. Chonga ubao wa mteremko, uuweke pande zote mbili.

Wengine huniuliza kama yote manne yageuke au mawili yafungwe yaende moja kwa moja. Inategemea nafasi. Kwenye roshani nyembamba, ambako kasha linatakiwa kutoka ukutani kwa ubavu, yote manne yageuke. Kwenye baraza refu ambalo kasha linasafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mawili ya mbele yafungwe na mawili ya nyuma yageuke, la sivyo kasha zito linakwenda linakotaka lenyewe na wewe unalikimbilia.

Sasa breki. Baraza nyingi na roshani nyingi zimejengwa kwa mteremko mdogo ili maji ya mvua yatoke, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Macho hayauoni mteremko huo, pimamaji huuona. Kasha la kilo 160 kwenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita linavutwa kushuka kwa nguvu ya kilo tatu na ushee. Gurudumu baya, lenye msuguano, hulizuia. Gurudumu zuri lenye beringi, lile tulilolipenda dukani, linaweza kuliachia. Mama mmoja niliyemuundia kasha aliniambia tangu mwanzo, kabla sijapima chochote: "Mwanangu, nataka lisogee. Sitaki litembee." Kauli hiyo nimeibeba hadi leo, na ndiyo inayoniongoza ninapochagua breki.

Magurudumu mawili yenye breki ni kima cha chini, na kwenye mteremko naweka yote manne. Zipo breki zinazozuia gurudumu kuzunguka tu, na zipo zinazozuia kuzunguka na kugeuka kwa pamoja. Ya pili ni bora, kwa sababu gurudumu lililozuiwa kuzunguka bado linaweza kugeuka kwenye kibamba chake, na kasha likatikisika kila upepo ukilisukuma. Hata hivyo breki ya mguu ni kipande kidogo cha chuma au plastiki, na siipi kazi ya mwaka mzima. Kasha likifika mahali litakapokaa msimu wote, nachomeka vipande vinne vya mbao ngumu chini ya boriti, vilivyochongwa kwa kimo kinachozidi magurudumu kwa kiasi kidogo sana. Unainua mwisho mmoja kwa wenzo, mwenzako anachomeka, kisha upande wa pili. Hapo mzigo unalala kwenye mbao, gurudumu linapumzika. Siku ya kuhama unaviondoa. Ni kazi ya dakika chache, na imeyaongezea magurudumu maisha kuliko grisi yoyote.

Sababu ni kwamba mpira laini ukibebeshwa mzigo mahali pamoja kwa miezi, unabonyea bapa. Ukilisukuma kasha linaruka kila mzunguko. Nailoni haibonyei hivyo na inatembea kwa wepesi chini ya mzigo, ila ina kelele, na kijiwe kidogo kinatosha kuisimamisha. Tena ugumu wake huweka mzigo wote kwenye eneo dogo sana la sakafu, na kigae chenye uwazi chini yake kinaweza kupasuka. Poliurithani iko katikati ya hizo mbili, na mara nyingi ndiyo ninayoichukua kwa sakafu ya vigae au saruji. Mpira mweusi unaacha alama kwenye sakafu nyeupe, basi ukiutaka mpira tafuta wa kijivu.

Roshani ina swali lake kubwa kuliko gurudumu. Makasha kadhaa ya kilo 160 yakikusanywa pamoja kwenye ukingo wa nje ni mzigo wa kuheshimiwa. Mimi huyaweka karibu na ukuta wa nyumba, na kwa makasha mengi nasisitiza mhandisi aulizwe kabla udongo haujanunuliwa. Magurudumu yanarahisisha kuyasogeza yote upande mmoja siku ya kufagia, na hapo ndipo mtu husahau anachokikusanya.

Na kwa nini tunahangaika hivi? Nimeona watu wakilisukuma kasha asubuhi na jioni kulifuata jua, na sioni mmea ukiwashukuru sana kwa hilo. Mnyanya au pilipili hoho hutaka saa sita hadi nane za jua la moja kwa moja, mboga za majani hutosheka na chache zaidi. Ukipata mahali panapotoa hayo, acha kasha litulie. Faida ya magurudumu iko kwenye mambo ya mara chache. Msimu ukigeuka, kivuli cha ukuta kinahama, na mahali palipokuwa na jua Juni panaweza kuwa gizani Desemba. Mvua ya siku nyingi ikikaribia, mnyanya uliosogezwa chini ya paa unabaki na majani makavu, na magonjwa ya ukungu hupenda majani yaliyolowa. Ukuta unahitaji kupakwa rangi. Majani yaliyooza nyuma ya kasha yanahitaji kuondolewa kabla konokono hawajafanya makazi. Na kasha lililoinuka kutoka sakafuni linapitisha hewa chini yake, kwa hiyo mbao zake zinachelewa kuoza. Hiyo ni faida inayopatikana hata kama halisogezwi kamwe.

Mmea una masharti yake katika safari hii. Ulioishi kivulini ukitolewa ghafla kwenye jua kali, majani yake huungua na kuwa meupe. Usogeze kidogo kidogo, saa chache za jua kwanza, kisha uongeze kwa muda wa wiki moja hivi. Michungwa na jamii yake, pamoja na mifikasi (jamii ya mtini), inaweza kupukutisha majani mwanga ukibadilika ghafla. Na lisogeze kasha kabla ya kumwagilia. Maji ya lita kumi na tano ni kilo kumi na tano, nayo yangeweza kusubiri.

Kuhamisha mimea ndani ya makasha si jambo jipya. Kwenye jumba la Versailles, Ufaransa, Jules Hardouin-Mansart alijenga kati ya 1684 na 1686 ukumbi mkubwa wa kuhifadhia michungwa wakati wa baridi, na mpaka leo miti zaidi ya elfu moja huingizwa humo kila majira ya baridi na kutolewa joto likirudi. Makasha yao ni ya mraba, ya mbao zilizofungwa kwa chuma, na pande zake hufunguka ili mizizi ipunguzwe na udongo ubadilishwe. Hayana magurudumu. Yana miguu mifupi, na chombo cha kubebea huja kuyachukua. Ninapofikiria hilo huona kwamba mtu mwenye makasha mengi anaweza kufuata njia ileile: makasha yote yenye miguu ya kimo kimoja, na kitoroli kimoja imara kinachopita chini yake. Magurudumu mazuri manne yanahudumia makasha yote, na hakuna hata moja linalosimama kwenye maji.

Yote niliyoeleza ni ya sakafu ngumu. Kwenye nyasi, changarawe au udongo mtupu, magurudumu manne madogo huzama na kasha linakuwa zito kuliko lisilo na magurudumu kabisa. Huko naunda kwa namna ya toroli: ekseli moja yenye magurudumu mawili makubwa upande mmoja, miguu miwili upande wa pili, na mishikio inayotokeza. Kasha la urefu wa sentimita 100 na uzito wa kilo 120, ekseli ikiwa mwisho kabisa na mishikio ikitokeza sentimita 50 upande wa miguu, litakutaka uinue kilo 40. Ekseli ukiisogeza ndani sentimita 20, unainua kama kilo 28. Usiisogeze mpaka katikati, maana uzito ukipita upande wa pili wa ekseli kasha litainua miguu lenyewe na kumwaga udongo. Magurudumu yawe mapana, ya upepo au ya mpira mnene, kama ya toroli la ujenzi. Yakiwa ya upepo yajaze kila mara kabla ya kuhamisha, kwa sababu gurudumu lililosimama msimu mzima chini ya mzigo huwa limepungua upepo hata kama halina tundu. Na chini ya miguu miwili weka matofali bapa, ili isizame upande mmoja mvua zikinyesha na maji ya kumwagilia yakakimbilia kona moja ya kasha.